Zile Marahaba Nilizoitika kwa Jina Lako

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo. Kifua kinamsumbua kila ukungu ukishuka, lakini kanisani anafika na kwaya haachi. Kitalu kipo. Peasi zako za upande wa juu zimechanua vizuri mwaka huu. Na kuna jambo nimelifanya ambalo nataka ulisikie kutoka kwangu: baada ya kukuzika, nilikufanya uonekane hai mtandaoni. Nisikilize kwanza, halafu ukasirike.

Ulipoondoka nilidhani kazi itaendelea tu. Miaka yote ile tulibebesha miche pamoja, wewe unakata kikonyo cha mti mzuri, mimi nakifunga kwa nailoni juu ya shina la kienyeji. Nusu ya miche uliyosifiwa niliifunga mimi, na ulijua, na ulikuwa unacheka chinichini wateja wakisema mikono yako ina baraka. Basi tulipokuzika, wateja nao wakapotea. Walikuja kutoa pole, wakanywa chai, wakaitazama miche, wakaondoka. Jirani yetu muuza kabeji aliniambia bila kunificha: "Mwanangu, sisi tulikuwa tunamfuata baba yako."

Nikaona isiwe tabu, nikafungua ukurasa mtandaoni kwa jina langu na la kijiji chetu, Rehema wa Kwai. Walionifuata ni shangazi mdogo, binamu wawili wa Tanga na mtu mmoja anayeuza viatu. Niliweka picha za miche na maelezo marefu kama mtihani wa biolojia. Mtu akauliza, "Binti, ni mti gani uliobebesha wewe ukazaa?" Mwingine akajibu kwa niaba yangu: "Hao ndio matapeli wa mtandaoni, atakutumia kijiti." Nililia, baba, nasema kweli. Ningemwambia nini? Miti yote iliyozaa ilikuwa inaitwa yako.

Siku moja nikaweka picha yako. Ile niliyokupiga chini ya mti mama wa plamu, ule tunaoukatia vikonyo, umevaa sweta la kijani lililochanika kiwiko, kisu mkononi, ndevu nyeupe pe. Sikuandika uongo wowote. Niliandika tu, "Miche ya kubebesha kutoka Kwai." Watu wakamiminika. "Shikamoo mzee." "Hongera mzee, mikono inaonyesha kazi." "Shikamoo baba, miche inapatikana?" Nilikaa jikoni na simu, viazi vinaungua, sijui nifanyeje. Mtu akikuamkia humwachi hivihivi, wewe mwenyewe ulinifundisha. Unakumbuka ulivyonirudisha bombani, ndoo ya maji kichwani, mlima wote ule, kwa sababu nilimpita mama mchungaji bila kumwamkia? Basi nikaandika: "Marahaba."

Ndivyo ilivyoanza. Ile ya kwanza ilinichoma, ya pili kidogo, baadaye nikawa naitika huku nachambua maharage. Watu wazima, baba, wengine mababu na mabibi, wananiamkia mimi, na mimi naitika. Mwisho nikafuta jina langu kwenye ukurasa, nikaweka lako.

Nikajifunza kuandika kwa kifupi kama ulivyokuwa unaongea. "Ngoja mvua." "Unaumwagilia kila siku, unaulea au unauzamisha?" Na lile swali lako lililokuwa linawaudhi watu wa mjini waliokuja na magari na haraka zao: "Unaenda kuupanda wapi?" Nilimuuliza kila mtu, na wengi niliwakatalia. Ajabu ni kwamba kukataliwa huko ndiko kulikowavuta. Wakaanza kuelekezana: nendeni kwa yule mzee wa Kwai, hadanganyi. Hadanganyi! Nilisoma neno hilo nikaigeuza simu kifudifudi mezani.

Sasa kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliandika kutoka Mnazi, kule chini kwenye joto. Alitaka plamu za wajukuu wake. Nikamjibu: "Joto la kwenu litaupa mti majani matupu, halafu utaniita mwongo. Bora upande maembe." Alifurahi sana, akasema watu wa kumkatalia mteja wamekwisha duniani. Toka hapo tukawa tunaandikiana. Aliniuliza hata habari ya kifua, maana nilishamwambia kifua kinanisumbua, na kifua chenyewe ni cha mama. Kila ujumbe wake ulianza na shikamoo, na kila jibu langu lilianza na lile neno unalolijua.

Wiki tatu zilizopita akatokea. Hakupiga simu wala nini. Amevaa koti, kabeba mchele wa zawadi begani, anahema kwa mlima. Nilikuwa kitaluni. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza, "Binti, mzee yupo? Nimekuja tusalimiane uso kwa uso."

Ningeweza kusema umesafiri. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimtazama mzee wa watu na mchele wake, nikashindwa. Nikamwambia, "Karibu mwalimu, yuko nyuma ya nyumba." Nikampeleka hadi kaburini kwako.

Akavua kofia. Alisoma maandishi ya msalabani taratibu, kama anasahihisha daftari. Akasoma mwaka wa kufa kwako, akaurudia kwa kidole. Akasoma mwaka wa kuzaliwa kwako, akageuka kunitazama.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema. "Tena mdogo sana. Na hizo marahaba alikuwa anaitika nani?"

Nikapiga magoti palepale kwenye tope, nikamwambia ni mimi. Hapo akahamia kwenye Kishambaa, akanisema mpaka masikio yakawaka, na hayo sitayaandika kwa sababu uliyasikia, ulikuwa karibu. Alipochoka akakaa kwenye jiwe la kunolea visu. Kiswahili kikarudi, sauti imeshuka.

"Na aliyenikatalia plamu?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Na yale ya kungoja mvua?"

"Ni mimi."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Sasa marehemu wa watu unamtwisha kazi yako kwa nini?"

Nilisema niliogopa. Ndilo jibu nililokuwa nalo. Niliogopa kuwa mimi, baba, kwa sababu mimi hakuna aliyekuwa ananitaka.

Mama alisikia yote kutoka mlangoni. Nilitegemea mwiko wa kichwa. Akaupokea mchele, akaupika, mwalimu akala kwa heshima, akaondoka. Nilipomsindikiza njiani aliniambia neno moja tu, kwamba ataangalia nitafanya nini.

Jioni ile mama akaomba nimsomee. Nikamsomea ujumbe mmoja mmoja. Mzee unaendeleaje. Mzee, siku hizi baridi, ujifunike vizuri. Mzee, Mungu akuzidishie umri. Hapo alilia, baba, na mimi nikalia. Nikamwambia naufunga ukurasa sasa hivi. Akanishika mkono: "Usiufunge leo. Niachie mpaka Jumapili." Basi siku zile zote, tukimaliza kula, mama anakaa karibu na moto na kusema, haya, nisomee wanavyomuulizia baba yako. Ndipo nilipokubali kitu nilichokuwa nakificha hata kwangu mwenyewe. Sikuyafanya yote yale kwa ajili ya wateja. Kila mtu alipokuamkia nilikuona kama umerudi shambani, unavua buti mlangoni, unauliza chai iko wapi. Nilikuwa nakukumbuka mno, na watu wale walikuwa wananisaidia bila kujua.

Jumapili, baada ya ibada, mama mwenyewe akanipiga picha kitaluni. Amekata nusu ya kichwa changu, lakini mikono inaonekana vizuri, na kucha zangu zina udongo. Nikaiweka hiyohiyo. Nikaandika kwamba baba yangu alifariki kabla hata hawajamwandikia mara ya kwanza, na aliyekuwa akiwajibu ni mimi, Rehema, mwanawe. Nikamwomba radhi kila mtu mzima ambaye nilipokea shikamoo yake. Kisha nikarudisha jina langu.

Matusi yalikuja, sikufichi. Mmoja aliandika kwamba nimemgeuza baba yangu mtaji. Hilo liliniuma kuliko yote, na sikumjibu, kwa sababu si uongo mtupu. Wengi waliondoka siku ileile. Mwalimu hajaandika mpaka leo, na mimi kila asubuhi naangalia.

Waliobaki ni wachache. Hao nawaonyesha kila kitu. Vikonyo vilivyoshika nawaonyesha, na vilivyokauka nawaonyesha, na nasema ni kosa langu pale lilipo kosa langu. Wiki iliyopita safu nzima ilikufa kwa sababu nilikuwa nimefunga nailoni kwa kukaza mno, nikawawekea picha ya safu nzima. Ungenigombeza kwa ile kazi. Mtu mmoja alicheka, mwingine akasema naye yalimkuta.

Jana akaandika kaka mmoja wa Zirai, simjui, hanijui. "Dada Rehema, wewe unaonaje, peasi zitakubali huku kwetu?"

Nilisoma mara nyingi. Wewe unaonaje. Hakukutaja wewe, baba, wala mzee wa Kwai. Sijawahi kufika Zirai, na wewe hukuwahi kufika, kwa hiyo sikuwa na maneno yako ya kuazima. Nikamwandikia: "Kaka, sijui. Nielezee baridi ya huko na mvua zenu, nikaulize, nisije nikakudanganya." Nilishatuma ndipo nikaona aibu. Muuza miche gani anamwambia mteja hajui? Akajibu: "Sawa dada. Nitakusubiri wewe."

Sasa nakuaga. Picha yako nimeiondoa kule. Iko sebuleni, juu ya kiti chako, mama ameifuta vumbi na kuinyoosha mara mbili tayari. Sitakubebesha tena kazi yangu. Nakuahidi hili: watu wakikuulizia wewe, nitawaambia umekufa. Na wakiniuliza mimi, nitaitika.

Pumzika, baba.

Mwanao,
Rehema