Mipira ya mbegu ku mbabula

Jumanne, 21 Oktoba
Sasa hivi Naomi ametia mupira ya mbegu, bulongo na mbegu ndani, mu mbabula, jiko yetu. Na kidole, polepole, katikati ya makala ya moto. Naomi iko na myaka ine. Nilimuuliza juu ya nini. Akasema: "Mama, tofari hailale mbichi."
Mutoto ya muchoma matafari, kabisa. Nilicheka. Kisha nikakumbuka batoto ba ku masomo, kule nafanya kazi. Nao baba zao banachoma matafari.

Jumatano, 22 Oktoba
Ndiyo vile niliogopa. Mipira yote ile tulifinyanga juzi. Bulongo ya kichuguu, mbolea ya mbuzi, mbegu ya maua ya pori ile tuliokota kandokando ya reli. Nilianika ku kivuli. Batoto bakaibeba ku tanuru ya jirani, bakachoma. Balinirudishia na furaha. Nyekundu, ngumu. Nilipasua moja na nyundo. Ndani, majivu.
Sikubapiga. Ni mi nilisahau kubaambia mbegu iko na uzima.
Directrice, mukubwa wa masomo, aliona. Hapa mi ni mufagiaji, saa ya bustani alinipa ya kujaribu tu. Hakukasirika. Alisema tukirudi kongé ya Noeli, likizo ya Krismasi, na hakuna hata ua moja, fasi ile ya bustani itapigwa simenti na mi narudi ku kifagio. Mi niliacha masomo mu mwaka ya sita. Nasikia haya.

Alhamisi, 23 Oktoba
Tulirudi ku reli. Mbegu ilibaki kidogo. Nilipasua moja mbele yao, bakaona cheupe ndani. Nikabaambia: huyu ni mutoto analala. Tofari tunachoma, mutoto hatuchome. Tukafinyanga upya. Naomi analinda mipira na fimbo, sawa polisi.

Jumatatu, 10 Novemba
Mvula kubwa ya kwanza. Batoto balitupa mipira, bakaruka mu matope. Mi naogopa.

Jumatano, 19 Novemba
Hakuna kintu. Mifuko ya simenti imefika, iko ku mulango. Sikukula.

Ijumaa, 21 Novemba
Inaota. Naomi aliona wa kwanza, amelala na tumbo, pua ku bulongo. Majani mbili. Kisha pale. Kisha fasi yote. Tulicheza mpaka kelasi ingine ikatoka kutuangalia. Directrice alivua viatu ili asikanyage. Nilishinda. Naandika tena: nilishinda.

Ijumaa, 16 Januari
Maua. Ya pinki, nyeupe, moja ya manjano. Yamepita Naomi kimo. Simenti ilienda kujenga choo. Mipira ile ilichomwa, batoto baliipanga pembeni sawa ukuta kidogo. Imependeza.
Naandika nimekaa mu kivuli ya kelasi. Naomi anasinzia ku goti yangu. Directrice iko na wazazi karibu ya maua. Siku zote ananiita mama Naomi. Sasa ameita: "Mwalimu." Sikugeuka, nilizani anaita mwengine. Anaita tena, ananiangalia mi. Ngoja nimulalishe Naomi, ninawe mikono na niende kwao.