Betri Kwanza, Ndipo Sola

Mwanangu Muganyizi,

Marahaba. Najua hujaniamkia. Naitikia ile shikamoo ya asubuhi uliyoondoka Kiruruma, ulipopita mlangoni na begi lako nami nikajifanya nahesabu mikungu ya ndizi. Imechelewa miaka minne, lakini ni yako.

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu sikupati. Mama yako akikupigia unauliza habari za kila mtu, mpaka ng'ombe mwenye mguu mbaya, halafu simu ikisogezwa kwangu mtandao unakatika. Mtandao wa huko Mwanza una akili sana. Na pia kwa sababu uongo niliusema mbele ya watu, siwezi kuufuta chumbani.

Unaukumbuka ule mchoro? Uliuchora nyuma ya kalenda ya kanisa, umelala kifudifudi sakafuni kama mtoto wa chekechea, na masharubu tayari umeota. Sola juu ya bati. Nyaya mbili zinashuka ukutani mpaka kwenye kontrola, kile kiboksi kinachoilinda betri isijazwe kupita kiasi wala kunyonywa mpaka ikauke. Kisha betri, fyuzi, taa nne. Taa ya tano ukaichora mbali, kwenye kinyumba chako kule chini ya kibanja, shamba letu la migomba.

Tulipima kwa hatua tukipenya kwenye migomba. Zangu arobaini na tatu, zako thelathini na nane. Ukasema, "Huko tuweke waya mnene, baba. Umeme wa betri ukitembezwa mbali unachoka njiani." Nikakujibu kwamba basi huo umeme ni wa ukoo wetu. Ulicheka mpaka ukaangusha penseli. Nimejaribu kukumbuka siku nyingine niliyokuchekesha, sijaipata.

Halafu ikaja siku ya kuufunga umeme. Mzee wetu, Ta Byabato, alikuja na jirani zake wawili wa kijiji cha Rugu kutazama. Hawakuja kututembelea, walikuja kukupima wewe. Taa zikiwaka, nyumba zao tatu ungezifungia umeme wewe. Michoro yao ulikuwa nayo tayari mfukoni, umeikunja vizuri kama cheti. Walikaa uani. Mimi, mwenye mji, nikawapitishia kikapu cha kahawa ya kutafuna, nikianza na Ta Byabato kwa sababu ndiye mkubwa, kama inavyotakiwa. Nikaingia ndani nikiwa bado na adabu hiyo kichwani.

Wewe ulikuwa umeshika waya wa betri. "Tunaanza na betri, baba. Kontrola iijue betri kwanza, ndipo tuilete sola."

"Betri iko wapi?" nikakuuliza.

"Sakafuni."

"Na sola?"

"Juu ya nyumba."

"Sasa nani mkubwa hapo? Utamruka mkubwa wa juu umsalimie wa sakafuni?"

"Baba, umeme hauamkiani."

Ulisema kwa upole, na ulitabasamu. Hilo tabasamu ndilo lililoniudhi. Nikakunyang'anya bisibisi. Nikakaza nyaya za sola kwanza, jua la saa saba likiwa kali juu ya bati. Kiboksi kikalia kama punje ya mahindi kwenye kikaango, harufu ikajaa chumba kizima.

Ta Byabato akaingiza kichwa. "Kulikoni humo?"

Na mimi, kabla moshi haujaisha, nilikuwa nimeshakurudishia bisibisi mkononi. Nikasema, "Vijana hawa! Unamwambia betri kwanza, yeye anaanza na sola."

Maneno yako mwenyewe, Muganyizi. Nilikuibia hata maneno.

Ulinitazama. Ukaitazama bisibisi. Ukasema, "Samahani, baba." Ta Byabato akacheka, akasema, "Afadhali imeungulia kwenu." Wale wa Rugu walimaliza kahawa yao wakaondoka. Mpaka Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani kabla ya mchungaji. Michoro yao mitatu niliiona baadaye jikoni, mama yako akiwashia moto. Ulimpa wewe.

Siku ile ile ningeweza kusema. Jioni yake pia. Nilikuwa nasubiri ulalamike, ugombe, utupe kitu, ili tuwe tumekoseana wote wawili. Hukunipa nafasi hiyo. Ukafunga begi.

Mwaka jana nilimfuata Ta Byabato kwake. Nilivaa koti. Nikamweleza yote: bisibisi, sola, maneno niliyoiba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega, akasema, "Unamkinga mwanao. Hata mimi ningemkinga wangu." Akanisifu! Nikaapa, akazidi kunisifu. Nikawaendea wa Rugu, wao walishafungiwa umeme wao na fundi wa kutoka Isingiro, hawakumbuki vizuri hata jina lako. "Yule aliyeunguza?" mmoja akaniuliza. Nikasema ni mimi niliyeunguza. Akamwambia mkewe, "Unaona baba huyo?" Uongo wangu waliuamini bila swali. Ukweli wangu wanaupigia makofi kama uongo mzuri.

Mwezi uliopita nilinunua kontrola nyingine. Nikaibandua kalenda ukutani, nikafuata mstari wako mmoja mmoja. Betri kwanza. Kitaa cha kijani kikawaka. Ndipo sola. Kikawaka cha pili. Nikageuka kusema "umeona?" nyuma yangu kulikuwa na kabati.

Taa nne zinawaka. Mama yako akasimama mlangoni akitazama migombani.

"Baba Muganyizi, na ile ya tano?"

"Waya umeisha."

Haujaisha. Bunda la waya mnene liko chini ya kitanda tangu ulipokuwepo, na yeye ndiye anayefagia chini ya kitanda. Hakunibishia. Alisema tu kwamba ulipiga simu, na kwamba umesema kinyumba chako tuwekee kahawa msimu huu, kisikae bure. Alisema ulilitamka hilo kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilienda nikapima tena, hatua arobaini na saba sasa, miguu imefupika. Magunia ya kahawa tumeyapanga humo mpaka dirishani. Nimerudi nikaufuta mstari wa mwisho kwenye mchoro wako kwa raba, taratibu, karatasi isichanike. Kahawa haihitaji taa.

Baba yako,
niliyeanza na sola.