Kitambaa Nilichokiona Cheupe

Nyumba ya pili, nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, nyingi kama nguo za kamba yangu siku ya Jumamosi. U hali gani? Mgongo bado unakusumbua ukikaa sana kwenye cherehani? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Ukinijibu "hatujambo" tu kama mara iliyopita, nitanuna. Nataka habari za mgongo peke yake na za kikohozi peke yake.

Mimi mwili mzima, ila moyo umelala chini.

Nianze na ulichoniuliza. Unasema suruali nyeusi za shemeji zinapauka, na ile mpya imechujia shuka zako. Umefanya vyema kuniuliza mimi, maana mtaa mzima huu hakuna anayenifikia. Miaka ishirini na sita nafulia watu. Mwalimu mkuu suti zake hampi mtu mwingine. Wananiita Mama Povu, nami sikatai.

Sikiliza basi. Nguo nyeusi igeuze ndani iwe nje kabla haijagusa maji. Maji yawe baridi, na sabuni ya unga uikoroge kwanza hadi iyeyuke yote, usiimwage juu ya nguo. Usiloweke ukaenda kupiga soga. Ingia, fua, toka. Usisugue kama unasugua sufuria. Suuza mpaka maji yawe meupe, usiikamue kwa kuisokota, kisha anika kivulini. Jua ndilo linalozipausha suruali za shemeji, hajalogwa na mtu. Habari za chumvi na siki nimezijaribu zote, na nguo ya kuchuja inachuja tu.

Ikiwa mpya, usiiamini. Lowesha pindo kwa ndani, likandamize kwa kitambaa cheupe chenye maji, kisha kitazame. Kikibaki cheupe, endelea. Kikishika rangi, nguo hiyo ioge peke yake.

Nakupa yote bila kubakiza, kwa sababu mimi sina tena kazi nayo.

Yule kitindamimba wangu, aliyekuwa akilala ndani ya beseni la nguo, amepata kazi ya kukagua tiketi kwenye treni. Walioomba walikuwa zaidi ya mia, wamechukuliwa wanne, na wa kike ni yeye peke yake. Nimewaambia majirani wote, wengine mara mbili. Alipewa gauni la kazi, buluu iliyokoza, lenye kola nyeupe iliyoshonewa hapo hapo. Jumatatu yake alitakiwa kwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Akasema atalipiga pasi tu. Nikamwambia mwanangu mimi haingii kazini na nguo inayonuka ghala.

Nikalowesha pindo, nikakandamiza, nikatazama. Kitambaa cheupe. Nikafua.

Aliporudi alisimama kwenye kamba. Akaniambia kola imegeuka buluu. Sikuamini, nikamletea kitambaa changu ili nimwonyeshe kwamba nilipima, kwamba kosa ni la kiwanda. Alikigeuza huku na huku.

"Mama, hiki kitambaa kina rangi gani?"

"Cheupe. Kwani wewe unaonaje?"

Alikalia ndoo, akaanza kulia. Kilikuwa buluu kama wino, mdogo wangu. Kumbe kilikuwa buluu tangu nilipokitazama mara ya kwanza.

Fundi alifumua ile kola akashona nyingine siku hiyo hiyo, na picha ikapigwa. Gauni limepona.

Mimi nilipelekwa kwa daktari wa macho, binti mdogo tu. Nikamwambia koti lake halikusuuzwa vizuri. Akashangaa nimeonaje. Sikuona, nilinusa. Alicheka, kisha akapima, na kicheko kikaisha. Ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Amenipa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, na kitabaki hadi lini hajui.

Wateja nimewarudishia nguo zao, nimewaambia bega linauma. Bega! Nimeona heri wanidhanie mvivu. Asubuhi najikuta nimesimama pale kwenye kamba tupu, mikono haijui iende wapi. Nimeshika sketi yangu nyeusi jana nikaishika na ile ya buluu, nikazisogeza juani, nikazigeuza, zote moja. Sijawahi kujiona si kitu namna hii.

Lakini si hilo linalonimaliza. Kitindamimba amesema haendi. Kituo chake kiko mwisho wa reli, safari ya siku mbili, na anatakiwa kuripoti mwisho wa mwezi huu. Gauni amelikunja, amelitia chini ya sanduku. Nimemgombeza, nimenuna, nimemwambia sikumzaa awe fimbo yangu. Anauliza jambo moja tu.

"Nani atakutia dawa?"

Anajua mkono wangu unatetemeka na matone yanaangukia shavuni. Kaka yake, naye yuko mbali, anasema tumwachie Mungu. Mungu hatapanda treni kwa niaba yake.

Sasa nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu. Mwandikie yeye, usiniandikie mimi. Mwambie unakuja kukaa na dada yako kabla ya mwezi kwisha. Najua huwezi, shemeji hajapona na cherehani haina mtu mwingine. Usije. Andika tu. Akishafika huko, akazoea, tutajua la kumwambia. Matone nitajitia mwenyewe. Kati ya matano moja litaingia.

Nisalimie shemeji, na binti yako na mapacha wake, na yule fundi mwenzako mwenye maneno mengi. Mungu awaweke, na macho yenu ayatunze.

Mistari yangu ikiwa imepandana, nisamehe. Ila barua yake iandike kwa mwandiko wako mzuri, ijaze furaha, maana atanisomea kwa sauti, na mimi itanibidi nipige vigelegele.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Mama Povu