Goti la Kulia la Oloo

Jumapili, 2 Machi 2014

Wiki imeanza na Arnold. Mkenya mwenzangu huku Uarabuni, mkuu wa bili hapa kliniki, vyeti vitatu ukutani, na kulia na kushoto bado vinamshinda. Kila kifaa tunachompa mgonjwa, bili yake naituma mimi kwa bima na herufi mbili mwishoni: RT kulia, LT kushoto. Wenyewe wanaziita modifaya. Mtoto wa chekechea angeweza. Arnold ameiweka RT ijijaze yenyewe kwenye kompyuta — ati kuokoa muda. Kwa hiyo Abu Hamour nzima imeumia upande wa kulia. Mtaa wa ajabu huu.

Nilimwambia. Akasema bima hawaangalii. Haya, bosi.

Jumatano, 5 Machi

Wameangalia.

Oloo amekuja, askari wa geti huko Lusail, tunasali kanisa moja Ijumaa, ndiyo siku ya mapumziko huku. Mwezi uliopita tulimpa bresi, ule mkanda wa kushikilia goti, ya goti la kushoto, likapona. Sasa ni la kulia, limevimba kama boga. Daktari ameandika bresi nyingine na picha ya MRI. Bima wamekataa: goti la kulia lilishapewa bresi juzi tu. RT ya Arnold hiyo!

Oloo hata hasira hana. Ameuliza tu, sista, sasa nitasimama na nini? Kazi yake ni kusimama kutwa, na supavaiza ameshamwambia asiyeweza kusimama anakatiwa tiketi ya kwao.

Alhamisi, 6 Machi

Dawa ni rahisi: ile bili ya kwanza irekebishwe iwe LT, itumwe upya. Nikaenda kwa mudir, meneja wetu. Mudir akamwita Arnold. Arnold akasema tukirekebisha moja, bima watataka kuziona zote. Wakatazamana. Halafu msomi wetu akatoa shauri: hii mpya, bresi na picha, tuiandike LT. Goti la kushoto lilishaitwa kulia, basi la kulia liitwe kushoto, ngoma droo. Mudir akasema khalas, mafi mushkila, yaani yameisha, hakuna shida. Watu wazima wawili, na tai shingoni.

Niliituma mimi. Imepita. Arnold anatembea kama mtu aliyefufua maiti.

Ijumaa, 14 Machi

Oloo alikuja kanisani na bresi yake, anacheka. Bima wamekubali na picha pia. Loice wa mapokezi anasema niache roho mbaya, mradi jamaa amesaidika. Kinachoniuma ni kwamba upuuzi umefanya kazi.

Jumanne, 18 Machi

Oloo amepiga simu akitoka kupigwa picha. Fundi wa mashine alimlaza, akaufunga mguu wa kushoto. Oloo akamwonyesha uliovimba. Fundi akamwonyesha karatasi: bima imekubali kushoto. Yawa, sista, ananiambia, nikamwacha aendelee, nisije nikaharibu.

Nimemwambia Arnold. Amesema goti ni goti.

Jumatatu, 24 Machi

Majibu yametoka. Goti safi kabisa. Lazima liwe safi, ni la kushoto!

Kampuni inayomwajiri imepewa nakala. Supavaiza anasema Oloo anaigiza. Tiketi yake ni ya Alhamisi.

Nimeandika barua kwa bima: ya kwanza iwe LT, ya pili iwe RT, picha ipigwe upya. Haijaenda. Ikienda, bili zote za Arnold zinafunguliwa, na zote zimetumwa kwa jina langu. Arnold amesimama mlangoni kwangu tangu chai. Kiburi hana leo. Anasema nifikirie wanangu walio shule. Yeye ndiye wa kunifundisha kufikiri, kweli.

Oloo yuko pale mapokezi. Loice amempa kiti cha pili, mguu ameunyoosha juu yake, suruali imepandishwa. Hata kipofu angejua.

Arnold amechungulia kwenye kioo cha mlango, amemtazama kwa muda, sasa ananiuliza kwa upole: kwani ni mguu upi hasa?