Aliyemshika Nyoka wa Rakan

Dima, uko wapi? Shika simu! Tumetoka kwa daktari wa wanyama kule Sweileh sasa hivi, na mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Unamjua Lulu, chatu wa kaka yangu Rakan. Juzi aliungua tumboni kwa ile taa ya kumpasha joto. Rakan akamwosha kidonda kwa maji ya chumvi, akasema, "Kitapona chenyewe."

Leo asubuhi kidonda kimevimba, kinatoa usaha, na Lulu anahema mdomo wazi. Mama, MAMA anayesema mwaka mzima "ama nyoka ama mimi", ndiye aliyepiga kelele: "We Rakan, unangoja afe? Washa gari!"

Daktari akatoa sindano. Rakan, na misuli yake yote ile, akaanguka chini puu! Kazimia! Dima, kazimia kwa sindano ya nyoka!

Sasa nani amshike Lulu? Mimi nilikuwa nimeshapanda juu ya kiti.

Mama akajitosa. Kamshika kwa mikono miwili, macho kayafumba, huku anambembeleza: "Tulia habibti, tulia mwanangu, inaisha."

Lulu atapona. Ila daktari ametusema kweli kweli: mchubuko mdogo tuoshe nyumbani, lakini ukivimba, au akikataa kula, tumpeleke siku hiyo hiyo.

Kisha akauliza, "Mwenye nyoka ni nani?"

Rakan bado kalala sakafuni, anapepewa.

Mama hata hakusita. "Mimi."