Shanga za Marehemu Mbuke

Bariadi

Mdogo wangu Skola,

Pokea salamu zangu za upendo. Joto ni kali, lakini michembe ya viazi vitamu na maziwa ya hapa vimenituliza.

Jana binamu yetu Milembe alitoa shanga za mawe ya akiki za marehemu mama yake ili mjukuu wake Mbuke, aliyerithi jina la marehemu, azivae harusini. Sonara aliyezitunga upya aliziinua juani, akatuonyesha viputo ndani yake. Hazikuwa mawe, zilikuwa kioo chekundu. Milembe alijifunika uso kwa kanga. Bwana harusi akasema upesi, "Bibi, usilie. Nitanunua akiki halisi."

"Uvae mwenyewe!" Mbuke akamjibu. "Mwenye jina langu alizijua hizi. Nikivaa nyingine, atanitambuaje?"

Milembe alipangusa macho, akazichukua shanga zile. "Haya, mayu, inama nikufunge," alimwambia mjukuu wake, kama alivyokuwa akimwita mama yake mzazi.

Ubaki salama, mdogo wangu, na Mungu akupunguzie maumivu ya goti.

Kaka yako,
Festo