Ubavu Unaoelea

Igoma, 9 Agosti 1994

Mpendwa Mama Masalu,

Nakusalimu, wewe na Masalu wetu. Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Huku ni wazima, kuku wako mweupe ameangua vifaranga tisa, na bibi Dorcas jirani hachoki kuniletea michembe, viazi vyake vile vya kukausha.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilianguka na baiskeli. Usishtuke. Nilikwenda zahanati ile mpya ya mtu binafsi, daktari akanibonyeza karibu na kiuno, akasema ubavu mmoja umepata ufa, ule wa chini kabisa, unaoitwa ubavu unaoelea. Nilimweleza bibi Dorcas vivyo hivyo. Naye kanisani akasimama wakati wa maombi akasema, "Tumwombee Mashimba, ubavu wake unaelea." Unajua mchungaji anavyowaita wake zetu. Jioni kwaya nzima ilikuja kunipa pole kwamba mke wangu anatangatanga, hajulikani alipo. Nilicheka, na kucheka ndiko kunakoniumiza.

Niliwaeleza kama daktari alivyonieleza: ubavu huo haujang'oka. Mbele haukuungana na mfupa wa kifua, lakini nyuma umeshika uti wa mgongo kama mbavu nyingine, na ndivyo ulivyoumbwa. Wakaridhika, wakala michembe waliyoileta wenyewe.

Sikuwaambia kwamba siku ulipoondoka kwenda Misungwi nilikwambia mlango uko wazi. Nilisema vibaya. Bado uko wazi, Rebeka, ila sasa ni wa kuingilia.

Ni mimi, mgongo wako,
Mashimba